Gari Linashika Malindi, Linagoma Limuru

Kila Julai huletwa gerejini kwangu, hapa Malindi, gari lililomwaibisha mwenyewe bara. Maneno huwa ni yaleyale: "Fundi, hapa linashika mara moja tu. Kule juu, asubuhi, linakataa katakata." Kisha huniambia baridi imeliharibu. Mimi hushikilia kwamba ubovu gari lilitoka nao hapa hapa, na joto letu ndilo lililouficha.

Msimu uliopita wa kusi alikuja mzee mmoja wa Barani, mtaa wa hapa Malindi, na pikapu yake ya dizeli. Alikuwa amepanda Limuru kwa wakwe, kwenye arusi ya mjukuu. Usiku wa Julai kule hushuka hata chini ya nyuzi 10, wakati sisi huku, kusi ivume na mvua inyeshe, alfajiri bado tuko kwenye 20 na kitu. Asubuhi ya arusi stata ikazunguka kivivu, eksozi ikatoa moshi mweupe unaonuka dizeli mbichi, na injini isishike. Fundi wa huko akamuuzia betri mpya. Mambo hayakubadilika sana. Lilishika jua lilipopanda na vijana wakasukuma, naye akafika arusini watu washakula.

"Sasa mwanangu, nina betri mpya na gari bovu," akaniambia. Niliumia kusikia hivyo, kwa sababu betri ndicho kitu cha kwanza watu huuziwa, na kuipima ni kazi ya dakika tano.

Nilianza na moshi ule mweupe. Maana yake dizeli inafika kwenye silinda lakini haiungui. Injini ya dizeli haina cheche. Hewa hubanwa mpaka ipate moto wa kuyawasha mafuta yenyewe, na chuma kikiwa baridi hunyonya joto hilo kabla mafuta hayajawaka. Ndiyo sababu kila silinda ina hita plagi, ambayo ncha yake huwa nyekundu kwa sekunde chache kabla hujapiga stata. Sasa sikiliza: kwa joto la Malindi, injini nyingi za dizeli hushika hata hita zikiwa zimekufa. Unaweza kuendesha miaka Malindi hadi Mombasa usijue. Na ile taa ya hita kwenye dashibodi, yenye alama ya msokoto, isikudanganye. Katika magari mengi huhesabu muda tu, haijui kama hita zinapata moto.

Kuzipima ni rahisi. Fungua ule utepe wa chuma unaoziunganisha, weka mita kwenye upande wa omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, waya mmoja kwenye ncha ya hita, mwingine kwenye bloku ya injini. Iliyo nzima husoma omu moja hivi au pungufu. Iliyokatika haisomi kitu. Za mzee zilikuwa nne, mbili zimekatika. Nilibadilisha zote, kwa kuwa zilizobaki zilikuwa za umri mmoja na wenzao. Wakati wa kuzifungua injini iwe na joto na mkono uwe mpole, maana hita iliyoganda hukatikia ndani, na hapo kazi ya saa moja inageuka kuwa ya kung'oa kichwa cha injini.

Lakini hita hazielezi uvivu wa stata. Betri yake ilisoma volti 12.6, yaani imejaa. Stata ikizunguka ilishuka hadi 10.4 tu, na mimi huanza kuwa na wasiwasi inapokwenda chini ya 9.6. Betri ina nguvu, stata inazunguka kama imelala: basi nguvu inapotea njiani. Nikaweka waya mmoja wa mita kwenye tamino ya hasi, mwingine kwenye bloku, kijana wangu akapiga stata. Hapo hutakiwi kuona zaidi ya volti 0.3 hivi. Niliona 1.3.

Waya wa athi, ule unaotoka hasi ya betri hadi kwenye bloku, kwa nje ulikuwa mzuri kabisa. Nilipouchana ganda, shaba ya ndani ilikuwa unga wa kijani. Pikapu ile hubeba chumvi kutoka Gongoni, na chumvi hutambaa ndani ya waya kuanzia kwenye kichwa chake. Hata asiyebeba chumvi, upepo wa bahari unamtosha. Nilifunga waya mpya mnene, nikapiga msasa mahali pa kufungia mpaka chuma king'ae, nikakaza, ndipo nikapaka grisi juu. Grisi hupakwa baada ya kukaza.

Joto letu huua betri pia: hukausha maji na kuzila sahani za ndani. Bado itawasha gari hapa, kwa sababu injini yenye joto haidai nguvu nyingi. Ipeleke kwenye baridi, oili inakuwa nzito, na betri yenyewe inatoa nguvu kidogo kuliko kawaida. Kwa hiyo kabla ya safari ya bara pima asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha. Angalia pia oili. Wengi hapa hutumia nzito, ya 20W-50, kwa ajili ya jua. Soma kitabu cha gari kama kinakuruhusu kutumia nyepesi zaidi.

Gari la petroli lina njia yake: plagi zilizochoka, na ile sensa ya joto la maji. Ikiiambia kompyuta kwamba injini ni moto wakati ni baridi, mafuta hupunguzwa na gari halishiki.

Na tafadhali, usikubali mtu akupulizie dawa ya kuwashia kwenye dizeli yenye hita plagi. Dawa ile ikigusa hita hushika moto kabla ya wakati wake, na nimewahi kufungua injini iliyopasuka pistoni kwa sababu hiyo.