Kapasita iliyovuja usiirudishe mkebeni

Hapa Arua, Uganda, amplifaya ikifa kabisa tunaichinja tupate vipuri. Transfoma za zamani nazipenda kuliko nyingi za dukani, nazo zinastahili kunyofolewa. Kapasita za elektroliti, vile vikopo vinavyohifadhi chaji ya umeme, ni habari nyingine, na naomba mafundi wenzangu mnisikilize.

Ndani ya kile kikopo cha alumini mna tepe za alumini zilizoviringishwa pamoja na karatasi iliyolowa elektroliti. Kinachozuia umeme usipite ni utando mwembamba wa oksidi juu ya alumini, na elektroliti ndiyo inayoukarabati unapochubuka. Majimaji yakishatoka, utando hauna tena wa kuutengeneza. Kupangusa nje hakurudishi kitu.

Wengi hutazama kichwa tu, kama kimevimba. Ile alama ya msalaba imechongwa makusudi, ifunguke kabla kikopo hakijalipuka. Ila zile ndogo kabisa mara nyingi hazina alama hiyo. Huvuja chini, kwenye mpira inapotokea miguu. Igeuze uone. Unyevu au kijani kwenye shaba, au harufu ya samaki unapoipasha moto wa kulehemu, vinatosha kuihukumu. Harufu hiyo utaikuta hasa kwenye zile za kubandikwa juu ya bodi, za mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, katika kamera za video na redio za magari. Majimaji yake ni ya alkali na hula shaba. Sugua kwa pamba yenye siki kidogo, kisha spiriti, acha pakauke, halafu pima kila njia ya shaba iliyolowa.

Gundi ya kahawia chini ya kapasita kubwa si uvujaji, ingawa ikipikwa na joto kwa miaka nayo huanza kupitisha umeme. Ikwangue.

Usiamini mita pekee. Inaweza kuonyesha maikrofaradi 1,000 kamili huku spika inaunguruma, kwa sababu ukinzani wa ndani umepanda na mita ya kawaida haiupimi.

Hata isiyovuja imeshakula umri wake. Iliyoandikwa saa 2,000 kwa digrii 105 huishi takriban maradufu kwa kila digrii 10 unazopunguza, lakini ya kunyofoa hujui ilikaa miaka mingapi ndani ya inveta chini ya bati. Nunua mpya: maikrofaradi zilezile, volti zilezile au zaidi, na mguu wa upande wenye mstari uende hasi. Kabla hujagusa ile kubwa ya pawa saplai, ondoa chaji kwa rezista na upime. Kwenye pawa saplai inayopokea umeme wetu wa volti 240 moja kwa moja, bila kupita kwanza kwenye transfoma, huhifadhi karibu volti 340.