Slasha ya trekta kwenye nyasi ndefu: kwa nini inalaza badala ya kukata

Masika yakiisha, mashamba ya machungwa ya Muheza na njia za ndani ya mashamba ya mkonge mkoani Tanga hubaki na nyasi zinazofika kifuani, na mabingobingo ya mabondeni humpita mtu kimo. Hapo slasha, mashine ya kufyekea inayofungwa nyuma ya trekta, iliyokuwa ikikata vizuri mwezi wa pili huanza kuacha mistari, kulaza nyasi na kuizima injini. Lawama ya kwanza huangukia trekta: halina nguvu. Mara nyingi si kweli. Kipimo cha mafundi kwa slasha ni kama nguvu za farasi tano kwenye PTO (shafti ya nyuma ya trekta inayozungusha mashine) kwa kila futi ya upana, kwa hiyo slasha ya futi tano inataka kama 25. Trekta la nguvu za farasi 45 au 50 lina akiba kubwa. Kinachokosekana ni mwendo wa visu, au njia ya majani yaliyokatwa kutoka chini ya bodi, yaani bati linalofunika visu.

Slasha haikati kama mkasi. Hakuna kitu kinacholishika jani upande wa pili. Linashikwa na mizizi na uzito wake tu. Kisu kinatakiwa kufika kabla jani halijapata nafasi ya kuinama. Chukua slasha ya mita 1.5 yenye giaboksi inayopandisha mizunguko mara 1.46. PTO ikizunguka mara 540 kwa dakika, visu huzunguka karibu mara 790, na ncha ya kisu hukimbia kama mita 62 kwa sekunde. Dereva akipunguza moto hadi PTO ishuke kwenye 400, ncha inabaki na mita 46. Inaonekana ni upungufu mdogo, lakini nguvu ya pigo hufuata mraba wa mwendo, kwa hiyo imebaki asilimia 55 tu. Hilo ni panga la mkono uliochoka: nyasi inapinda, inapita chini, na baada ya dakika kumi inasimama tena nyuma yako.

Kwa hiyo moto wa injini haupunguzwi. Kwenye saa ya mizunguko ya matrekta mengi pana alama ya mahali PTO inapofikia 540. Weka mshale hapo kabla hujaingia kwenye nyasi na usiuache ushuke. Saa ikiwa imekufa, na zilizokufa ni nyingi, tafuta kipima mizunguko cha mwanga, pima shafti ya PTO, kisha tia alama ya rangi kwenye mkono wa mafuta. Dereva anayepunguza moto ili kuokoa dizeli huirudia njia ileile mara mbili, na dizeli inaondoka zaidi.

Angalizo kwa wenye matrekta mapya: PTO ya uchumi hutoa 540 injini ikiwa kwenye mizunguko ya chini. Kwa nyasi fupi ni nzuri. Kwa nyasi nzito injini haina akiba ya kuvuta, hivyo iache. Nayo PTO ya 1,000 isiguswe kabisa kwa slasha iliyotengenezewa 540, maana visu na giaboksi havikuundwa kwa mwendo huo.

Kinachobadilishwa ni gia. Kwenye nyasi za kifuani tumia gia inayokupa kilomita 3 kwa saa au chini yake. Kwa mwendo huo slasha ya mita 1.5 hufyeka zaidi kidogo ya ekari moja kwa saa, ukiacha muda wa kugeuza. Mabingobingo yenye shina la unene wa kidole gumba yanataka ukate nusu ya upana tu, na ekari inakuwa nusu. Ukisikia injini inazama na trekta lina klachi ya hatua mbili, kanyaga hadi hatua ya kwanza: trekta linasimama, visu vinaendelea kuzunguka, vinamaliza mzigo uliopo chini, kisha unaachia taratibu. Klachi ya hatua moja haikupi nafasi hiyo. Tena, kwenye matrekta ya zamani ambayo PTO hupitia gia za mwendo, uzito wa visu vinavyozunguka hulisukuma trekta mbele hata ukiwa umekanyaga klachi. Hayo yafungwe klachi ya upande mmoja kwenye shafti ya PTO, inayoruhusu visu kuzunguka bila kulisukuma trekta. Bila hiyo, unakanyaga klachi mbele ya mti na bado unaufikia.

Tatizo la pili halimo ndani ya slasha. Trekta lenyewe hupita juu ya nyasi kabla ya visu. Ekseli ya mbele inazilaza, matairi ya nyuma yanazibana chini, na mistari miwili isiyokatwa inayobaki ni njia za matairi. Tiba yake ni kupita mara mbili. Mara ya kwanza inua bodi ukate sentimita 30 hadi 40 kutoka ardhini. Mara ya pili shusha hadi 10 au 12 na uende kinyume cha ulikotoka, ili visu vikutane na nyasi zilizolala kutoka upande wa vichwa vyake. Ukiweza kuacha siku mbili katikati, fanya hivyo. Zilizokatwa zitakuwa zimekauka na mzigo utapungua sana. Asubuhi na mapema usijisumbue. Nyasi yenye umande ni nzito na hugandamana chini ya bodi, kwa hiyo anza saa nne.

Angalia pia slasha inatupia majani upande gani, kisha panga mizunguko yako ili yaangukie sehemu iliyokwisha kukatwa. Yakiangukia nyasi zilizosimama, utayakata mara ya pili pamoja nazo.

Kwa kichaka kimoja cha mabingobingo, ingia kinyumenyume. Visu vinakutana na shina lililosimama, si lililolazwa. Inua bodi kidogo, hakikisha hakuna kisiki wala mtu nyuma, na usikate kona shafti ikiwa imejikunja sana. Ni njia ya kichaka, si ya shamba zima.

Sasa mlalo wa bodi, jambo linalopuuzwa kuliko yote. Mbele iwe chini kuliko nyuma kwa sentimita 1.5 hadi 2.5. Ikiwa hivyo, kisu hukata kikiwa mbele, na kinapofika nyuma kinapita juu ya mashina yaliyokatwa huku majani yakitoka. Nyuma ikiwa chini, majani yaleyale yanakatwa tena na tena. Yanasagika vizuri, wapo wanaopenda, lakini kwenye nyasi nzito ni mzigo wa bure. Usipime kwenye ukingo wa bodi, kwa sababu bodi nyingi zimepinda. Weka trekta mahali tambarare, matairi yawe na upepo sawa, zima injini, toa ufunguo, weka magogo chini ya bodi, kisha geuza kisu kielekee mbele upime ncha hadi ardhini, halafu kielekeze nyuma upime tena. Nyuma hurekebishwa kwa gurudumu la mkia, mbele kwa mikono ya haidroliki. Mkono wa juu unaounganisha slasha na trekta uachiwe ulegee kidogo. Ukikazwa kabisa, kila tuta linanyanyua mkia na kila shimo linauzamisha, na kichuguu cha kwanza kitakula ncha za visu.

Visu havitakiwi kuwa wembe. Makali membamba hujikunja kwenye jiwe la kwanza. Noa upande wa juu tu, kwa mlalo uleule wa kiwandani, na uache unene wa kama milimita 1.5 kwenye makali. Grainda isikae mahali pamoja hadi chuma kiwe bluu, maana hapo kimepoteza ugumu wake. Pima visu vyote kwenye mizani baada ya kunoa; kimoja kikiwa kizito, slasha itatetemeka na beringi za giaboksi zitalipa. Hubadilishwa vyote kwa pamoja, na bolti na nati zake. Hakikisha kila kisu kinazunguka huru kwenye bolti yake, kwani kilichoganda hakirudi nyuma kikigonga kisiki. Ukinunua vipya, tazama upande: makali ndiyo yanayotangulia, na bawa lililokunjwa juu linafuata. Bawa hilo ndilo linalovuta hewa na kuinua nyasi zilizolala. Likiliwa na mchanga, kisu kinaweza kuwa kikali na bado kikaacha nyasi chini. Visu vya mtaani vya springi ya lori vinakata, sitavikataa vikipimwa uzito na tundu likiwa sawasawa. Kisu kilichopasuka kikachomelewa hakifai: kipande kikiruka kinaweza kufika mita 100, nao ndio umbali wa chini wa kuwaweka watu. Kwa sababu hiyohiyo minyororo ya mbele na nyuma, inayozuia vitu kuruka, isitolewe eti majani yapite vizuri.

Kila ukipumzika, zima, toa ufunguo, zuia bodi na magogo, uchungulie chini. Udongo na majani yaliyoganda hupunguza nafasi ya mzigo kupita. Kibaya zaidi ni kinachojisokota kwenye kitovu juu ya sahani ya visu: nyasi, waya wa uzio, kamba ya mkonge. Kinajikaza, kinaikata sili ya oili, giaboksi inavuja bila wewe kuona kwa sababu mavumbi yamefunika, na wiki ijayo unanunua gia. Oili ya gia 80W-90 ifike tundu la pembeni. Krosi za shafti, yaani viungo vyake vinavyojikunja, zipate grisi kila saa nane za kazi, na bomba la ndani la shafti libaki limeingia angalau theluthi moja ya urefu wake.

Bolti ya usalama, ile ya kwenye shafti inayokatika kwanza ili kuokoa giaboksi, ikikatika mara kwa mara, usiweke ngumu zaidi. Tazama namba kichwani: mahali pa bolti laini ya 4.6 ukiweka 8.8 au 10.9, kinachofuata kukatika ni jino la gia. Slasha yenye klachi ya sahani inayoteleza badala ya bolti hiyo, ikiwa imelala masika nzima, sahani zake zimeshikana kwa kutu. Legeza nati za springi kwa kiasi sawa, washa PTO sekunde mbili tatu hadi iteleze, kisha kaza kwa urefu wa springi ulioandikwa kwenye kitabu cha mashine.

Ukimaliza kurekebisha, kata mita ishirini, shuka, usome mashina. Yaliyochanika nyuzinyuzi yanasema kisu ni butu au moto uko chini. Mawimbi ya juu na chini ni mwendo mkubwa. Upande mmoja mrefu kuliko mwingine ni mikono ya haidroliki isiyo sawa. Injini ikianza kuchoka baada ya saa moja tu ya kazi, acha slasha, nenda kwenye rejeta. Mbegu za nyasi zimeziba matundu. Subiri ipoe, pulizia upepo kutoka upande wa feni kuelekea mbele, na ukimaliza usafishe chujio la hewa pia, pamoja na majani makavu yaliyojikusanya karibu na ekzosi.