Chanjo ya surua haileti usonji
Mama anakumbuka vizuri: mwanawe alichomwa sindano ya surua-rubela akiwa na miezi 18, na wiki chache baadaye akaacha kuitika jina lake, akawa anashinda sebuleni akipanga vizibo vya soda mstari mmoja. Simlaumu kwa kuunganisha sindano hiyo na usonji (autism). Ila umri huo ndio dalili za usonji huanza kuonekana wazi, hata kwa asiyechanjwa.

Uvumi kwamba chanjo ya surua huleta usonji ulitokea Uingereza mwaka 1998, kwenye makala ya daktari Andrew Wakefield kuhusu watoto 12 (ndiyo, 12 tu). Jarida lililoichapisha, The Lancet, liliifuta mwaka 2010, naye akafutiwa usajili wa udaktari. Watafiti wa Denmark walifuatilia watoto zaidi ya 650,000. Waliochanjwa hawakupata usonji zaidi kuliko wenzao wasiochanjwa. Surua yenyewe huua.

Mdogo wa mtoto huyo apelekwe akachanjwe, na siku hiyohiyo muuguzi aambiwe habari ya mkubwa na vizibo vyake.