Dirisha ya gari imekataa kupanda? Usikimbilie kununua mota

Ilinishika Kondele, saa kumi na moja jioni, mvua ya Kisumu ile inakuja bila hodi, dirisha ya nyuma kushoto iko chini na haipandi, watoto wanalowa na mimi niko kwa jam. Kufika nyumbani nimeshapewa ushauri na watu wanne na wote walisema kitu moja: mota imeungua. Gari yetu ni saluni ya 2002, imebeba hii familia miaka mob, na niliwaamini, kesho yake nikanunua mota ya mtumba. Sasa wacha niseme vile mambo iko.

Ati dirisha isipopanda ni mota. Inaweza kuwa mota, sikatai, lakini kuna kipimo ya bure ambayo hakuna mtu aliniambia. Ngoja giza iingie, zima injini lakini acha ufunguo kwa ON, washa taa ya ndani, bonyeza swichi ya hiyo dirisha ukiangalia taa. Ikififia kidogo basi umeme unafika, mota inajaribu lakini kuna kitu imekwama, yaani mashine ya dirisha, zile kebo za chuma, ama ile mipira kioo inapitia imekauka. Isipofifia hata kidogo umeme haupiti, na hapo ni swichi, waya, fyuzi, ama brashi za mota, vile vipande vya kaboni vinapeleka umeme ndani yake, zimeisha. Za brashi utajua kwa kugonga mlango na ngumi mwenzako akiwa amebonyeza swichi, ikiamka ghafla basi kweli hiyo mota inaelekea kaburini. Yangu haikufifia, na haikuamka nikigonga. Lakini nilijua hiyo kipimo nikiwa nimeshalipia mota.

Ya pili ndio ilinishangaza zaidi. Watu wanafikiria kila mlango unajitegemea, ati swichi ya nyuma ikikataa tatizo liko huko nyuma. Kwa hizi gari nyingi za zamani mota iko na waya mbili tu, kupanda moja inapata chanya na ingine inapata ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwa hasi ya betri, kushuka zinabadilishana, na hiyo ethi ya mlango wa nyuma mara nyingi inapitia ile swichi kubwa ya dereva. Yaani swichi ya dereva ikiwa na kutu ama soda ilimwagika ndani, abiria wa nyuma atabonyeza yake mpaka kidole kiume na hakuna kitu. Na ni hiyo swichi inalowa zaidi, si sisi wote tunaendesha kiwiko nje. Kabla ya hayo yote lakini, tafadhali angalia kile kitufe cha kuzuia watoto kwa mlango wa dereva, usicheke, nimeona mtu amefungua mlango mzima na shida ni kitufe.

Fyuzi. Dirisha moja ikikufa na zingine tatu zinafanya kazi, mara nyingi si fyuzi kubwa. Na ikiungua usikubali fundi akuwekee kubwa zaidi "ndio isisumbue", ukitoa ya njano ya 20 uweke ya kijani ya 30, sasa waya ndio itaungua kwanza, tena chini ya kapeti mahali huoni. Fyuzi iko hapo kulinda waya, si redio yako.

Grisi nayo, aki. Nilikaa Nakuru miaka kadhaa na vumbi ya pale nimeshaijua, mtu anapaka grisi kwa mipira ya kioo ati iteleze, siku mbili inateleza, baada ya wiki imeshika vumbi imekuwa msasa na mota inavuta kama punda. Pangusa na kitambaa chenye maji, kausha, halafu spray ya silikoni.

Na betri, watu husema ati kila kitu ni betri. Pima kwanza, multimita, ile mashine ya kupima umeme, si bei ya gari: injini imezimwa usiku mzima betri nzima inasoma karibu volti 12.6, injini ikiwaka iwe kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Ikiwa hapo na taa bado zinafifia, washa taa kubwa injini ikinguruma, pima kutoka teminali hasi mpaka bodi ya gari, ikipita volti 0.2 hivi ethi yako ni chafu, kwangua kutu, kaza bolti.

Sasa yangu. Fundi mmoja mzee hapo karibu na Kibuye hakushika hata bisibisi, alifungua mlango nusu, akauchezesha huku amebonyeza swichi, dirisha ikashtuka ikapanda inchi mbili ikasimama. Akavuta ile mpira kati ya mlango na bodi, waya moja ilikuwa imekatika ndani, plastiki yake nzima kabisa, kwa nje huwezi jua. Ni ule mlango watoto wanafungua kila asubuhi. Akaongeza kipande cha waya laini, akachomea na risasi, viungo akaviweka ndani ya mlango mahali hapakunji, hakusokota tu na selotepu. Dakika arobaini.

Mota ya mtumba bado iko kwa buti, imefungwa na gazeti, na mwenye duka alishasema cha umeme hakirudishwi.