Pedro Ximénez Ni Zabibu Nyeupe

Katika mahoteli ya hapa Tanga nimesikia mara nyingi mno Pedro Ximénez ikiitwa "zabibu nyeusi ya Hispania". Si nyeusi. Ni zabibu nyeupe ya ganda jembamba, inayolimwa zaidi Montilla-Moriles, mkoa wa Córdoba, na hutengenezewa mvinyo mtamu ulioongezewa pombe kali.

Kinachopoteza watu ni glasi, maana kilichomo ni cheusi tii na kizito. Lakini weusi huo hautoki pale unapotoka wekundu wa mvinyo mwekundu. Mvinyo mwekundu hupata rangi kwenye maganda: zabibu nyeusi nyingi, ukizikamua na kuyaweka maganda kando, juisi yake karibu haina rangi. Pedro Ximénez haina rangi hiyo gandani, hata uiloweke mwezi mzima. Rangi yake ni kazi ya jua, kisha pipa. Vishada huvunwa vikiwa vimeiva sana, vikaanikwa juani siku kadhaa mpaka maji yapungue, sukari ibaki na tunda ligeuke kahawia. Zabibu kavu tunazotia kwenye pilau nazo ni vivyo hivyo: nyingi zilikuwa za kijani kabla ya kukauka. Halafu mvinyo hukaa miaka ndani ya mapipa ya mwaloni, ukipigwa na hewa kidogo kidogo, na weusi unazidi.

Wengine husema umetiwa sukari. Hapana. Juisi ya zabibu zilizoanikwa ina sukari nyingi hata hamira hulemewa. Ikitiwa pombe ya zabibu mpaka ifike asilimia 15 au zaidi, kuchachuka hukoma na sukari ya tunda lenyewe hubaki. Kwa mvinyo wa Jerez, eneo jingine la mvinyo huko Hispania, wenye jina hili, kanuni inataka angalau gramu 212 za sukari kwa lita.

Na asiyeamini atazame hukohuko Montilla: zabibu ileile, isipoanikwa, hutoa mvinyo wa njano hafifu usio mtamu, ambao mara nyingi hufika asilimia 15 bila kuongezewa chochote.

Basi ndugu zangu mnaoandika orodha za vinywaji, iondoeni chini ya "mvinyo mwekundu". Iwekeni na vitamu vya baada ya chakula, kwa glasi ndogo, na mgeni akiuliza mbona ni nyeusi, mwambieni zabibu zake zilianikwa juani.