Mtoto Akimeza Betri, Usingoje Itoke na Choo

Sarafu aliyomeza mtoto mara nyingi hufika tumboni na kutoka na choo baada ya siku chache. Ndiyo maana wazazi wamezoea kuambiwa wasubiri. Kwa betri bapa ya duara, ile ya rimoti au ya mizani, kusubiri huko kunaweza kuua.

Betri ikikwama kwenye umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, mate hukamilisha njia ya umeme. Upande hasi huzalisha alkali kali, na nyama huanza kuungua ndani ya muda wa saa mbili, hata kama betri haijavuja. Mbaya zaidi ni za lithiamu zenye kipenyo cha milimita 20: upana huzikwamisha, volti 3 huunguza haraka. Hata iliyoshindwa kuwasha rimoti bado ina umeme wa kudhuru.

Mtoto anaweza kudondosha mate, kukohoa au kukataa chakula. Mwingine hucheza kama kawaida.

Usimtapishe, wala usimpe tonge la ugali lisukume (hata mwiba wa samaki hautibiwi hivyo). Kama ana zaidi ya mwaka mmoja, anameza vizuri na hazijapita saa 12 tangu aimeze, mpe asali mililita 10, yaani vijiko viwili vya chai, kila dakika 10 mkiwa njiani kwenda hospitali, isizidi mara sita. Asali hupunguza makali tu. Kama haipo nyumbani, ondokeni bila hiyo.

Kwenye eksirei betri huonyesha duara ndani ya duara. Anayetazama kwa haraka huiita sarafu. Ikiwa kwenye umio, hospitalini hatungoji tumbo liwe tupu. Mtoto hulazwa usingizi, njia ya hewa hulindwa kwa mrija, kisha endoskopi, mpira mwembamba wenye kamera, hupitishwa mdomoni na betri kunaswa kwa koleo au kiwavu. Tunakagua upande hasi ulielekea wapi, maana huko ndiko kidonda kinakochimba. Pasipo tundu, eneo husafishwa kwa asidi ya asetiki (asidi iliyo kwenye siki) ya asilimia 0.25, mililita 50 hadi 150.

Kutoa betri hakusimamishi uharibifu papo hapo. Siku au wiki kadhaa baadaye umio unaweza kutoboka hadi njia ya hewa, au kovu likaubana, likahitaji kupanuliwa kwa puto. Kidonda kikifikia mshipa mkuu wa damu, dalili ya kwanza huwa damu kidogo tu kwenye matapishi, au choo cheusi. Mrudisheni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama damu imekatika.