Kiungio cha kugawa uzito: wasemayo watu na isemayo mizani

Huku Marekani tukinunua trela la kulala, tunauliza kwanza bei ya kiungio cha kugawa uzito, yaani chuma cha kuunganisha trela na gari, chenye nondo za springi za kusambaza mzigo. Uzito wa pua, yaani ule ambao ncha ya mbele ya trela inaukandamiza kwenye gari, tunaukumbuka pikapu ikishachuchumaa nyuma, taa zinamulika vilele vya miti.

"Kinaliongezea gari nguvu ya kuvuta." Hata ratili moja hakiongezi. Pua ya trela ikikandamiza nyuma, magurudumu ya mbele hupungukiwa na mzigo. Usukani unakuwa mwepesi, breki za mbele zinapoteza mshiko. Nondo za springi zikikazwa hurudisha sehemu ya uzito mbele, na nyingine huisukumia kwenye ekseli za trela. Kikomo cha mtengenezaji kiko palepale.

"Nachagua kwa uzito wa kwenye tangazo." Hapa ndipo wengi tunapoponzeka. Uzito ule ni wa trela tupu, bila maji wala masufuria. Galoni 40 za maji peke yake ni kama ratili 330. Pua hutakiwa kubeba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela likiwa limeshapakiwa, kwa hiyo trela la ratili 7,000 linabwaga ratili 700 hadi 1,050 kwenye kiungio. Jumlisha na jenereta na kuni ulizorundika nyuma ya ekseli ya pikapu. Hapo ndipo uangalie nondo: za ratili 600, 800, 1,000 au 1,200. Kisha piga magoti usome kibandiko cha pale kiungio kinapochomekwa. Mara nyingi kina vikomo viwili, kimoja cha kubeba tu na kingine cha kugawa uzito.

"Basi nichukue nondo nzito kabisa." Zikizidi mno hazipindi, kila shimo la barabarani linagonga hadi kwenye fremu.

"Kinazuia kuyumba." Hiyo ni kazi nyingine. Viungio vingine vina kizuizi cha kuyumba ndani, vingine unakinunua pembeni. Lakini trela lililojazwa mkiani, pua nyepesi, hakuna chuma cha kulituliza. Anza kupanga mzigo upya.

"Nitaweka mifuko ya hewa kwenye springi za nyuma, gari likae sawa." Litakaa sawa kwa macho. Mkia umenyanyuka, mbele bado kwepesi.

Mimi natumia futi ya fundi. Kutoka chini hadi ukingo wa madigadi ya mbele, pikapu peke yake: inchi 36. Trela limefungwa, nondo bado: 37 na nusu. Nondo zimekazwa: 36 na nusu. Kiasi gani kirudi, kitabu cha gari lako kinasema; kushuka chini ya ile 36 ya mwanzo ni kukaza kupita kiasi. Halafu nenda mizani ya malori, ambayo ndugu zetu madereva wanaijua vizuri. Pima mara tatu kwa mtindo uleule, na jicho lako liwe kwenye namba ya ekseli ya mbele.